Mkate Juu ya Daraja la Tanzanite

Daktari alitazama mashine ya presha, akatazama tumbo langu, akarudi kwenye mashine. "Mzee, anza kutembea." Mzee! Nina miaka 41.

Pale ofisini wana kikundi chao cha mazoezi. Kila Jumamosi alfajiri wanakutana Coco Beach, hapa Dar, wanavuka Daraja la Tanzanite mpaka upande wa Hospitali ya Aga Khan, kisha wanageuza. Mimi nilikuwa na makubazi na viatu vya kazini, basi. Nikaenda Karume, kwenye soko la mitumba, kutafuta raba.

Karume ukishika kiatu sekunde tatu, muuzaji ameshatafuta mfuko. Ila mimi si mshamba. Niligeuza soli nikaikagua kama fundi wa tairi: mistari yote imesimama, hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vipo.

"Braza, hiki hakijawahi kukanyaga chini. Haki ya Mungu."

Alianzia elfu 60, nikamshusha hadi 35. Nilijipongeza kwa juisi ya miwa, glasi mbili.

Jumamosi nikatokea nimependeza. Mwanzoni mwa daraja nilikuwa mbele ya wote, upepo wa bahari unanipuliza, nikawa nawasalimia wavuvi wa ngalawa kule chini kana kwamba wananijua. Katikati nikahisi kisigino cha kulia kimekuwa laini ajabu, kama nakanyaga sifongo. Nikajua ndiyo utaalamu wenyewe wa raba za bei mbaya. Nikaongeza mwendo.

"Kaka! Wewe kaka wa fulana nyekundu! Unadondosha mkate!"

Nikageuka. Nyuma yangu kuna msururu wa makombo meupe, umenyooka tangu nilikotoka. Mama aliyeniita alishainama kuniokotea. Akakiminya kipande kimoja, kikageuka unga vidoleni. Akaniangalia kwa huruma ya msibani.

Hatua mbili mbele soli yote ikaachia kwa nyuma, ikaanza kunipigia makofi: pa! pa! pa! Nikaing'oa. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu sasa niko juu kushoto, chini kulia, kama meza ya mama ntilie inayosubiri kipande cha boksi. Na daraja lile lina kilomita moja na ushee. Huwezi kuruka baharini, huwezi kujificha popote. Mhasibu wetu alirekodi yote. Kufika saa tatu, kundi letu la WhatsApp lilikuwa limebadilishwa jina: Bekari.

Nilizipeleka kwa fundi viatu wa mtaani kwetu, Magomeni. Akachomeka kidole kwenye soli ya kushoto, kikazama kama kwenye keki.

"Hiki hakijavaliwa."

"Ndivyo alivyosema muuzaji!"

"Basi hakukudanganya. Na ndiyo shida yenyewe." Akanieleza kwamba lile povu la katikati ya soli, baadhi ya aina zake, hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Kiatu kikilala stoo miaka na miaka, linajiozea lenyewe huku juu kinang'aa. "Kukaa tu ndiko kumekimaliza, bosi."

Nikahisi ameongea na daktari wangu.

Akanifunza: minya povu kwa ukucha, likibonyea lirudi; kunja kiatu, kipinde penye vidole, siyo katikati; mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa gumba. Tena niende jioni, maana mguu wa asubuhi bado haujavimba, utanidanganya namba.

Jumatatu baada ya kazi nikarudi Karume, kwa kijana yuleyule. Nikaminya, nikakunja, nikanusa. Mwisho nikachagua raba za kijivu, kisigino kimelika kidogo upande.

"Aah, hizo siwezi kukuficha, braza. Hizo zimevaliwa."

"Ndizo ninazotaka."

Akanitazama juu mpaka chini, akazichukua mkononi, akazipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Hizo elfu 70."