Samansi aliiweka juu ya kabati, sasa hela ya kikoba imezuiwa benki

Jamani hili limenikaa rohoni tangu juzi. Kuna dada tunauza naye dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alichukua mzigo kwa mali kauli akabaki anadaiwa milioni 2 na laki 8, tajiri wake akaenda mahakamani, samansi ikaletwa mpaka mlangoni, yeye akaikunja akaiweka juu ya kabati akijua ni vitisho tu. Hakwenda. Kesi ikasikilizwa upande mmoja, hukumu ikatoka, na siku anaenda kutoa hela ya mzigo anaambiwa akaunti imezuiwa kwa amri ya mahakama.

Kinachoniuma, humo ndani kuna milioni 1 na laki 6 za kikoba chetu. Tuko 20, elfu kumi kumi kila Jumatatu, wiki nane hizo, na yeye ndo mweka hazina. Benki inaangalia jina la mwenye akaunti basi, haijui hii ya mama nani. Sheria inaturuhusu kupeleka pingamizi kwamba hela si yake, ila tuthibitishe, na ushahidi wetu wote ni daftari la kaunta lililoloa mafuta ya dagaa, nusu ya majina hayasomeki.

Watu wengi wanadhani kesi ya deni kwa vile haina polisi basi ni makaratasi tu. Sio kweli, aliyeshinda anaomba kukazia hukumu, mahakama inazuia hela benki au inamtuma dalali wa mahakama abebe friza, pikipiki, akauze. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakuachia nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, vifaa vya fundi vya kazi, hata nyumba unayoishi na familia yako, japo kama uliiweka rehani hiyo habari nyingine. Na ukikata rufaa usikae ukijua umepona, rufaa peke yake haisimamishi kitu, lazima uombe mahakama isimamishe kwanza kukazia hukumu.

Mimi naona kuweka hela ya kikundi kwenye akaunti ya mtu mmoja ni kuwaonea wenzako, hata kama ni mwaminifu kiasi gani, na huyu dada ni mwaminifu kweli. Akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu tungefungua zamani, tulikuwa tunaahirisha tu kila Jumatatu.

Kesho naenda naye mahakamani akaombe kulipa kwa awamu. Daftari nimelianika juani, nafungua ukurasa mmoja mmoja.