Tuitoe petroli kwenye beseni la kuoshea

Pembeni mwa ukuta wa gereji kuna beseni la plastiki. Ndani yake kuna petroli iliyogeuka rangi ya chai, na ndani ya petroli hiyo kuna mikono ya kijana anayesugua kabureta, kile kifaa cha pikipiki kinachochanganya petroli na hewa, kwa mswaki mkuukuu. Hana glavu. Nimekuwa kijana huyo kwa miaka minne, nikajua hiyo ndiyo kazi yenyewe. Leo nasema beseni hilo liondoke, na kama ningeweza kupita gereji moja moja nikalimwaga, ningefanya hivyo.

Wanaolitetea hawakosi hoja. Petroli ipo karibu, inakata grisi upesi, inakauka bila kufutwa. Sawa. Lakini fungua kabureta ya pikipiki iliyolala miezi sita uone kilichomo. Unatoa skrubu za chini, bakuli la floti, lile la chini linalotunza petroli, linaachia. Ndani kuna utando wa kahawia unaonata vidoleni, na harufu yake imeshachacha, haifanani tena na mafuta. Kwenye kona, pale maji yalipotuama, kuna ukoko mweupe. Ule utando ni petroli yenyewe: sehemu nyepesi zimepaa, zilizobaki zimeshikana na hewa zikageuka gundi. Gundi hiyo haiyeyuki kirahisi kwa petroli nyingine. Na ukoko ni madini yaliyoliwa na maji, petroli haiugusi kabisa. Kijana atasugua saa nzima, ataondoa vumbi na oili ya nje, kabureta itang'aa, ataifunga, na pikipiki itazimika kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kupewa mafuta, vilevile kama jana.

Kabureta haiugui kwa nje. Ugonjwa uko kwenye njia ambazo mswaki haufiki, na hasa kwenye jeti ndogo ya sailensa, kile kipande chenye tundu la kupimia mafuta, ambayo kwa pikipiki ndogo nyingi tundu lake halifiki hata nusu milimita. Hapo fundi aliyechoka huchukua waya wa chuma akachokonoa. Jeti imetengenezwa kwa shaba ya manjano, na chuma kinaikwangua. Tundu la milimita 0.40 likipanuka hadi 0.45 macho hayaoni tofauti, ila eneo la kupitisha mafuta limeongezeka kwa zaidi ya robo. Pikipiki inaanza kunywa mafuta, plagi inajaa masizi, mwenyewe anarudi amekasirika, na kabureta inafunguliwa tena bila mtu kujua kwamba ugonjwa wa pili tumeuleta sisi.

Mimi huloweka jeti kwanza, kisha napitisha uzi mmoja tu wa shaba nyekundu niliouchomoa kwenye waya wa umeme, kwa sababu ni laini kuliko jeti yenyewe. Napiga upepo, halafu naiinua kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Nikiona nukta ya mwanga iliyo duara safi, nimemaliza. Nukta ikiwa na pembe au unywele umekatiza, nairudisha kulowa, hata kama mteja amesimama mlangoni anatazama saa.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanataka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: haupai, unatambaa sakafuni ukitafuta cheche. Siku moja tulikuwa wawili, beseni likiwa hatua kadhaa kutoka kwenye kompresa. Hakuna aliyewasha kiberiti wala kuvuta sigara. Upepo ulishuka kwenye tangi, kompresa ikajiwasha, swichi yake ikatoa cheche, na nikaona mwali wa buluu ukikimbia chini chini kuelekea tulipochuchumaa. Mwenzangu aliungua kuanzia viganja hadi viwiko. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena, naye aliacha ufundi. Gereji nzima tulisema ni bahati mbaya, kesho yake beseni likajazwa tena. Hilo la kesho yake ndilo linaloniumiza hadi leo.

Hata siku ambazo hakuna moto, mwili unalipa. Ngozi inaishiwa mafuta yake, inakauka na kupasuka. Ndani ya petroli mna benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu, na fundi huivuta kwa pua kutwa nzima. Halafu kuna ile tabia ya kuweka jeti mdomoni na kupuliza. Tone moja likipotea njia likaingia mapafuni, yanavimba. Jamani, kompresa ipo, tuipe kazi yake.

Sitaki msomaji aelewe kwamba dawa ya kopo ndiyo salama. Dawa ya kabureta ni kali kwa makusudi, maana inatakiwa kuvunja ile gundi. Ipulize ndani ya njia tu, kidogo, mahali penye hewa, ukiwa na miwani, kwa sababu inayoingia tundu hili hutokea tundu lile na kukurukia jichoni. Toa raba zote kwanza: oringi, gasketi, ile ngozi nyembamba ya juu kama ipo. Raba ikinywa dawa inavimba na hairudi umbo lake. Na dawa za kusafishia breki zenye klorini usizipulize kamwe kwenye chuma unachotaka kuchomelea. Joto la kuchomelea huzigeuza kuwa gesi ya fosijini, ileile iliyoua askari kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Mafundi wengi hawajaambiwa jambo hili, na wanaouza makopo hawalisemi dukani.

Uchafu wa nje, ambao ndio mwingi, hautaki dawa kali hata kidogo. Maji ya moto na sabuni ya kukata grisi yanatosha, au mafuta ya taa kwenye trei ya chuma yenye kifuniko, mbali na moto, na glavu za nitraili, mpira usiolika kwa mafuta, mkononi. Za mpira wa kawaida zinalegea na kutoboka. Mafuta ya taa yakichafuka yaache usiku kucha, tope litazama, mimina ya juu uyatumie tena; tope lifungie kwenye dumu, usilimwage mtaroni. Magadi makali yaepuke: yanatafuna alumini, nimeona kabureta nzima ikitoka nyeusi na yenye vishimo kama uso wa ndui. Kwenye gereji yenye uwezo, mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti inafanya kazi nzuri sana, mapovu yake madogo yanaingia hata kwenye njia zilizopinda. Ila ndani yake liwe ni maji na sabuni yake, kamwe isiwe petroli wala tina ya kuchanganyia rangi.

Matajiri wa gereji, trei, glavu na miwani ni juu yenu kununua. Msimwachie kijana ajitafutie, kwa sababu hatanunua: yuko kwenye kujifunza, na atafanya alichokuta wakubwa wake wanafanya. Mimi nilikuta beseni, nikachutama.