Sauti Ilipobadilika Mbele za Watu

Mvulana akibalehe, sauti humgeuka bila kuaga. Anaanza sentensi kitoto, anaimaliza kiutu uzima, na katikati hapo inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Ndugu watamcheka siku mbili tatu, kisha yameisha. Justin Bieber yalimkuta akiwa na miaka 16, wimbo wake "Baby" ukiwa ndio kwanza unavuma. Noti alizorekodi hakuzifikia tena, ikabidi jukwaani wimbo uimbwe kwa noti za chini zaidi. Ikawa habari. Koo la mtoto likajadiliwa magazetini kama matokeo ya uchaguzi.

Ukilalamika utaambiwa: alijitakia, na pesa si anazo? Anazo kweli, na pesa angalau sheria ilizikumbuka. California ilitunga yake mwaka 1939, baada ya Jackie Coogan, nyota wa filamu tangu utotoni, kufika ukubwani na kukuta mama yake na baba wa kambo wametumbua karibu kila alichochuma. Leo huko asilimia 15 ya mapato ya mtoto msanii lazima iwekwe akiba. Sawa. Na aibu zake je, anawekewa na nani? Mimi katika umri huo nilisema upuuzi mwingi na kumpenda mtu asiyestahili. Mashahidi wamebaki watatu, na hakuna mwenye picha.

Britney Spears alitoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1998, naye akiwa na miaka 16. Muda si mrefu watu wazima wenye maikrofoni wakawa wanamuuliza kama bado ni bikira. Wanamuuliza hadharani, na tabasamu juu. Aliponyoa nywele Februari 2007, wapiga picha walijibanza nje wakimpiga picha kupitia dirisha la saluni. Nakiri: nilicheka. Nilizitafuta zile picha nikamwonyesha mwenzangu, naye akacheka. Mwaka uliofuata mahakama ikamweka chini ya usimamizi wa baba yake na wengine, na hakuachiwa mpaka Novemba 2021. Miaka 13, mingi yake mtu anajaza kumbi, na fedha zake mwenyewe hana kauli nazo!

Mwimbaji Billie Eilish alidhani ameupata ujanja. Alivaa mapana, watu wasipate mwili wa kujadili. Alipotokea na koseti, vazi la kubana kiuno, kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue ya Uingereza mwaka 2021, akiwa na miaka 19, wakamjia juu hata waliokuwa wakimsifu kwa kujisitiri. Kosa gani hapo? Amekua tu, na sisi mashabiki tunasamehe ulevi na ugomvi upesi kuliko tunavyosamehe hilo.

Juzi nimekutana na video ya msichana wa miaka kama 13, anaimba mpaka unasisimka. Maoni yaliyopendwa kuliko yote chini yake yalikuwa maneno mawili: "Usibadilike kamwe."