Mguu wa kuku kiunoni, na mazoezi je?

Jirani yangu mmoja hapa Maweni, Malindi, amepata leseni yake ya bastola juzi, amehangaika karibu mwaka mzima, mara cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), mara daktari, mara kuhojiwa na watu wa usalama, halafu faili ikapanda mpaka Nairobi kwa Bodi ya Leseni za Silaha ikakaa huko. Siku alopata jibu hakwenda hata nyumbani kwanza, alikuja moja kwa moja dukani kwangu ananiuliza, "Ndugu yangu, ni ipi ile ndogo kabisa, nataka isionekane hata nikivaa fulana?" Nikamvutia kiti. Tukazungumza mpaka adhana ya Magharibi na bado sikuwa nimemaliza, kwa hiyo yaliobaki nayaandika hapa, manake najua si yeye peke yake anaeuliza hivo.

Mimi sipingi mtu kubeba. Nauza vifaa vya ujenzi na upande mmoja wa duka ni wakala wa M-Pesa, na nna kovu la panga bega la kushoto tangu usiku ule nilipofunga duka nikafuatwa na pikipiki ya watu watatu. Mkoba ulikwenda, simu ikaenda, na nilikaa wiki mbili siwezi kuvaa shati bila kusaidiwa. Tena watu wa pande zetu hizi hatuna haja ya kuelezwa maana ya usiku usio na msaada. Mpeketoni kule Lamu, Juni 2014, magaidi walipovamia waliuawa watu zaidi ya 60, na shemeji zangu wa Lamu waliishi na kafyu miezi baada ya hapo. Na ukiniambia raia na bastola yake hafai kitu nitakutajia Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 2013, raia Abdul Haji aliingia mle ndani na bastola yake ya leseni akasaidia kutoa watu.

Ninachosema ni kimoja tu, usiibebe kama hujizoeshi nayo. Leseni imekupa ruhusa, haijakupa mkono. Na hii habari ya "ndogo kabisa" ndio inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu bastola kadiri inavyokua ndogo ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kupiga, watu wanadhani ni kinyume.

Chukua Glock 19, ile ya 1988 ambayo wengi wanaijua, mtutu wake ni milimita 102, magazini (kile kisanduku cha risasi ndani ya mpini) inaingia risasi 15, na bila risasi ina kama gramu 600 hivi. Kisha kuna ndugu yake mdogo Glock 26, magazini risasi 10, na siku hizi kuna SIG P365 iliotoka 2018, hio ni ndogo zaidi na bado inabeba 10. Ukizishika kwa muuzaji zote ni tamu mkononi. Shida inakuja kwenye renji, ule uwanja wa kujifunza kulenga. Mtutu mfupi maana yake zile saiti za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zimekaribiana, ukikosea kidogo hapa jicho halioni, lakini ikifika mita 10 huko imeshapotea sentimita kadhaa. Mpini mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika kinaning'inia hewani. Na kwa kuwa ni nyepesi inaruka, halafu spring ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga, ni ngumu, ukilegeza kifundo cha mkono slaidi hairudi sawasawa, ganda linabanwa pale juu, na hapo ulipo huna bastola tena una chuma.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Miezi ya mwanzo nilikua napiga karatasi mita 7 tu, umbali wa kutoka kaunta mpaka mlango wa duka langu, na risasi zangu zote zinalala chini kushoto. Nikalaumu saiti. Nikamlaumu alieniuzia. Kuna afande mmoja mstaafu anaefundisha pale renji upande wa Mombasa, alinitazama magazini mbili hakusema kitu, akaichukua ya tatu, akanipa mgongo akaipanga yeye na ndani akachanganya risasi mbili za bandia zisizolia, bila kuniambia ziko wapi. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikavuta triga, kimya, na mtutu ukachota chini kama jembe. Hakukua na mlio wa kuficha, nimeona mimi na ameona yeye na wameona wale watatu waliosimama nyuma. Akaniambia taratibu, "Umeona mkono wako? Unaukimbia mlio kabla haujalia."

Ilinichukua karibu miezi mitano kuondoa hilo jambo, na si kwa risasi nyingi, manake risasi ni pesa na kutoka hapa Malindi mpaka Mombasa ni kilomita kama 120, siwezi kwenda kila wiki. Nimeliondolea chumbani. Kila usiku baada ya Isha dakika kumi, risasi zote zinabaki kwenye sefu chumba kingine, natoa magazini, navuta slaidi mara tatu, natazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, halafu natia kidole kidogo nihakikishe kwa kugusa, ndipo nalenga ukuta wa nyuma ambao ni wa mawe na ng'ambo yake hakukai mtu. Naweka sarafu ya shilingi kumi juu ya slaidi karibu na saiti ya mbele na navuta triga polepole, ikianguka sijavuta vizuri. Wiki za mwanzo ilianguka kila mara mpaka watoto wakauliza ni nini kinalia huko chumbani. Sasa hivi haianguki, na karatasi zangu za renji zimesogea katikati. Huo ndio mwaka wangu wa kwanza wa kumiliki bastola, sarafu na ukuta, na nafikiri umenifaa kuliko risasi zote nilizochoma kabla ya hapo.

Sasa mambo ya kubeba, na hapa nitasema wazi kwa sababu naona mambo ya hatari mjini. Kuna watu wanachomeka bastola kwenye mkunjo wa kikoi au kwenye mkanda wa suruali hivihivi bila holsta, yaani ala ya bastola. Glock haina ile sefti ya kubonyeza kwa kidole gumba, kinga yake kubwa ni kwamba triga isiguswe, ikiguswa inapiga. Marekani kuna mchezaji maarufu wa mpira wao wa kule, Plaxico Burress wa New York Giants, mwaka 2008 alikua kwenye klabu ameichomeka Glock kwenye suruali, ikateleza akajaribu kuidaka, akajipiga risasi ya paja, na jela akaenda juu yake. Suruali tu hio, sembuse kikoi ambacho ukikaa vibaya kinafunguka. Nunua holsta ngumu inayofunika triga yote, na mkanda wa maana wa kuishikilia, ule mkanda laini wa sokoni unapinda na mpini unajichora kwenye shati mtu wa kibandani anauona.

Na sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Jasho la kaskazi na upepo wa bahari vinaingia kila mahali, bastola inalala kwenye tumbo lenye maji masaa kumi na mbili. Slaidi yangu yenyewe ilivumilia, kilichooza ni kitu ambacho sikukitazama, skrubu mbili ndogo za klipu ya holsta. Nilikua najizoesha kuchomoa chumbani, tupu kama kawaida, nikavuta, na holsta ikaja nayo nzima mkononi, bastola bado iko ndani ya ala yake na mimi nimesimama nimelenga ukuta kwa plastiki. Nilikaa kitandani nikaitazama muda mrefu ile skrubu imebaki unga mwekundu. Lau ingekua usiku ule wa pikipiki. Tangu hapo kila Ijumaa asubuhi naifungua yote, napangusa, mafuta kidogo sana, na skrubu nazikagua na kuzibadilisha kabla hazijageuka rangi.

Ijumaa hio hio inabaki kwenye sefu nikienda msikitini. Mtu akisujudu shati linapanda, alie safu ya nyuma anaona kila kitu, na nyumba ya Mungu si mahali pa kutia watu hofu.

Halafu kuna hii ya umbali ambayo jirani yangu alikua hajaisikia. Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City huko Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita sita na kitu, kwa sekunde moja na nusu, ambao ndio muda wa askari aliezoea kuchomoa bastola yake na kupiga. Aliezoea! Tena anaibeba nje wazi kwenye mkanda, si chini ya kanzu. Sasa nambie kwenye vichochoro vya Lamu, ambapo punda mmoja mwenye mzigo akipita nyinyi mnajibana ukutani, hizo futi 21 utazipata wapi? Mtu akitokea pembeni ameshafika. Kwa hiyo nusu ya mazoezi ni ya macho, kutazama nani yuko nyuma, kutofunga duka saa moja ile ile kila siku, kutobeba mauzo yote kwenye mkoba mmoja, kurudi ndani ukiona pikipiki imezimwa taa imesimama tu. Mimi tangu nipate leseni sijawahi kuitoa kwa mtu, na mara mbili nimeiacha njia nikazunguka nyingine.

Na ukipiga ukakosa, risasi haikupotea. Risasi ya milimita tisa ya bastola hizi inatoka kwa kama mita 350 kwa sekunde, na nyumba za watu wengi huku Barani na Kisumu Ndogo ni udongo na fito, au mabati. Nyuma ya yule mwizi kuna mama anapika. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko jingine lolote, na ndio maana mtu akiniambia anabeba lakini renji alikwenda mara moja tu siku ya kupasishwa, mimi simuoni kama mtu aliejilinda, namuona kama mtu aliewaweka majirani zake kwenye kamari bila kuwauliza.

Sheria nayo haikupi uwanja mpana. Kujitetea kupo, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinakutambua, lakini lazima hatari iwe ya kweli na nguvu uliotumia iendane nayo, mwizi akishageuka anakimbia na simu yako hio si kujitetea tena. Kuiweka juu ya meza ya baa ili watu wakuheshimu ndio kabisa, Sheria ya Silaha Sura 114 inaruhusu mtu mlevi wa tabia kunyang'anywa cheti chake, na mimi naunga mkono anyang'anywe siku hio hio.

Basi jirani nimemjibu hivi, usinunue ndogo kabisa, nunua ya ukubwa wa Glock 19, shati lako livae namba moja juu na usichomekee, na kabla hujalipa chochote njoo nami Jumamosi. Tunatoka baada ya Alfajiri kabla jua halijapanda. Afande nimeshampigia, nimemwambia aandae zile risasi mbili za bandia.