Mito ya trauti ya Aberdare ina wenyewe

Juu ya milima ya Aberdare, upande wa lango la Kiandongoro, KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ina nyumba za wageni zinazoitwa Fishing Lodge. Usitarajie hoteli. Unga, nyama, mboga na majani ya chai unabeba mwenyewe kutoka Nyeri, unapika mwenyewe, na jua likishazama unasogea motoni maana baridi ya kule haina mchezo. Napapenda sana mahali hapo kuliko kambi za kifahari ambako kila kitu unaletewa mezani. Lakini kila ninapokwenda naumia kwa jambo lilelile: karibu kila ninayemkuta mtoni na fimbo ya kuvulia ametoka mbali, ilhali kijana aliyezaliwa Tetu au Othaya, chini kidogo tu ya ua wa umeme unaouzunguka msitu, hajawahi kuona trauti akitolewa majini.

Naamini kijana huyo ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kufundishwa.

Najua trauti si samaki wa asili ya kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, alifanya mpango trauti wa kahawia kutoka Scotland wapandwe katika mto Gura. Baadaye akaja trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni magharibi ya Amerika Kaskazini. Walowezi walitaka mito ifanane na ya kwao, na maji ya Aberdare yaliwakubalia: ni baridi, yanakwenda kasi, na chini yana changarawe ambamo trauti hutagia mayai. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo, na mpaka leo kipo.

Kiganjo hiyohiyo ndiko iliko Sagana Lodge, nyumba ya kando ya mto ambayo serikali ya kikoloni ilimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake. Alikuwa hapo tarehe 6 Februari 1952 alipopewa habari kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ni malkia. Mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Mau Mau, msitu wa Aberdare ukatangazwa eneo lililopigwa marufuku. Mwafrika aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa anakwenda wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wa Nyeri hawana hamu na uvuvi, namwomba aanze kuhesabu hapo. Wazee wetu walifunzwa kwa bunduki kwamba msitu ule si wao. Ongeza kwamba Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, utaelewa kwa nini hakuna babu aliyemshika mjukuu mkono kumpeleka mtoni na ndoana.

Uvuvi wenyewe ni ufundi wa kupendeza, na ningetaka watu wengi zaidi wauonje. Aliyezoea kuvua Pwani au ziwani anajua kwamba chubwi ndilo linalopeleka ndoana mbali. Hapa chubwi halitumiki. Chambo ni nzi bandia, nyuzi na manyoya yaliyofungwa kwenye kindoana kidogo, mwepesi hata upepo unamchukua. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene makusudi. Unaurusha nyuma, unasubiri ujinyooshe hewani, ndipo unaurudisha mbele ili nzi atue majini taratibu kama mdudu aliyeanguka kutoka kwenye majani. Ukiharakisha, mshipi unajikunja na kuanguka kama fundo. Trauti naye hukaa ameelekeza kichwa maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula, hivyo unamwendea kwa nyuma, ukipanda mto polepole. Askari wa KWS hutangulia na bunduki yake, kwa sababu nyati wanapenda vile vichaka vya ukingoni.

Akinasa, lowesha mikono kabla ya kumgusa. Mkono mkavu humbandua ute unaomkinga na magonjwa. Mtazame ubavuni: trauti wa upinde wa mvua ana mstari wa rangi ya waridi kuanzia shavuni hadi karibu na mkia, na vitone vyeusi vidogo vimemjaa hadi kwenye mapezi.

Sasa linganisha hayo na jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui. Nchi yetu imekuwa ikiuza nzi bandia nje kwa miongo mingi. Mafundi wetu, wengi wao wanawake, huketi mezani na kindoana kilichobanwa, wakizungusha uzi na kubana unyoya mmoja mmoja, na kazi yao huuzwa kwa dazeni kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani. Mikono ya Kenya inajua kumtengeneza mdudu anayemhadaa trauti wa Scotland au Montana. Inakuwaje mikono hiyo isijue kumrusha kwenye mto Chania au Gura?

Wapo wanaosema trauti ni mvamizi, tusimsherehekee. Wana hoja. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua katika orodha yake ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani. Sitetei hata kidogo kumpeleka kwenye mto ambao bado hajaingia. Ila kwenye mito ya Aberdare ameshakaa zaidi ya karne, na maadamu yupo, ana kazi moja ya maana: hastahimili maji ya moto wala ya matope. Miti ikikatwa kule juu na udongo ukaingia mtoni, anayevua ataliona tatizo mapema, kabla halijafika bombani. Na bomba hilo ni letu sote, kwa kuwa mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, yanayoinywesha Nairobi, yanapata maji yake kutoka milima hii. Ua wa umeme wa kilomita 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009, unawazuia tembo wasiingie shambani na unasaidia kuwazuia wakata miti. Haupimi joto la maji wala rangi yake. Hiyo ni kazi ya mtu anayefika mtoni mara kwa mara na anayeupenda.

Ndiyo maana naiomba KWS na kaunti zinazouzunguka msitu zikae pamoja. Kibali cha uvuvi kwa wakazi wa vijiji vya mpakani kiwe cha bei ambayo mkulima wa chai anaimudu. Vijana wafundishwe kuongoza wavuvi, walipwe kama waongozaji wa watalii wengine, na ripoti zao kuhusu hali ya mito zipokelewe rasmi. Shule za Nyeri zianzie Kiganjo, ambako mtoto anaweza kumwona trauti mdogo bwawani asubuhi na kushika fimbo kando ya mto Sagana mchana. Fishing Lodge nayo itengewe wikendi kadhaa kila msimu wa kiangazi, mito inapokuwa imetulia, kwa ajili ya vikundi vya vijana hao.