Dunnottar: kazi kafanya mama mchungaji, sifa wamebeba wanaume

Ukiwasikia watu wakiongelea ngome ya Dunnottar kule Uskoti, ile iliyokaa juu ya mwamba wa kama mita 50 kutoka baharini karibu na Stonehaven, utasikia Wallace, Wallace, yule shujaa wa Uskoti aliyepigana na Waingereza, ati 1297 aliwachoma Waingereza wakiwa kanisani, na stori yenyewe imetoka kwenye shairi lililotungwa karibu miaka 200 baadae. Sawa, ila mi naona kisa cha maana pale ni cha 1652.

Jeshi la Cromwell, yule Mwingereza aliyeuondoa utawala wa kifalme, lilikuwa linatafuta taji, fimbo na upanga wa wafalme wa Uskoti, na vya Uingereza walishaviyeyusha kwa hiyo hawa walikuwa hawatanii. Vitu viko Dunnottar, ndani askari hata mia hawafiki, wamezingirwa miezi. Aliyeviokoa ni Christian Fletcher, mke wa mchungaji James Grainger wa Kinneff, kijiji cha jirani tu. Wengine wanasema aliingia kumsalimia mke wa mkuu wa ngome akatoka na taji kalificha kwenye nguo, wengine wanasema viliteremshwa kwa kamba upande wa bahari, hausigeli akavipokea na kapu lake kama anaokota mwani. Mi nachukua hiyo ya mwani, nani atamsimamisha dada wa watu na mwani wake unanuka?

Usiku mchungaji akainua jiwe la sakafu mbele ya mimbari akachimba, taji na fimbo vikaingia humo, upanga akaufukia upande wa magharibi katikati ya viti, yote haya kayaandika mwenyewe kwenye barua ya 31 Machi 1652. Mei ngome ikasalimu amri, jamaa kuingia ndani, patupu! Mkuu wa ngome, George Ogilvie, na mkewe wakatupwa ndani na hawakutoboa siri.

Sasa kinachonikera: mfalme karudi madarakani 1660, Ogilvie kapewa ubaroneti, yaani cheo cha heshima cha kurithi, halafu John Keith wa ukoo wenye ngome, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuvumisha huko Ufaransa kwamba vitu anavyo yeye, baadae akawa Earl wa Kintore kabisa, cheo kikubwa cha ukabaila. Christian bunge likamwandikia merk 2,000, pesa ya zamani ya Uskoti, basi. Cheo hakuna.

Kwa hiyo ukienda Dunnottar piga selfi zako, halafu shuka na Kinneff, kanisa la zamani bado lipo, ingawa jengo la sasa lilijengwa upya 1738.