Meza haishuki: leta na mfanyakazi wake aliyeumia

Kuko mama mmoja anaishi Kenya, hii Kenya yetu ya hapa Lubumbashi si ile ya Nairobi, ni ajenti wa leta, yaani mfanyakazi wa serikali, tangu zamani na biro yao iko kwenye etaji ya pili. Siku moja ya Mungu akitoka kusali taksi-moto ikamgonga, wakamkata mguu juu ya goti. Akakaa lopitali na nyumbani miezi saba, kisha akarudi kazini na magongo yake mawili. Ngazi za pale ni 38, nilizihesabu mwenyewe siku nilienda kutafuta karatasi yangu, na nilimkuta amesimama katikati, gongo moja kwapani, lingine ameliegemeza ukutani, anapumua kama mtu aliyekimbizwa. Kampira ka chini ya gongo kalikuwa kamekwisha, amefunga pale kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki, kwa waya.

Alichoomba ni kitu kimoja: meza yake ishuke chini, kwenye kachumba karibu na mlango ambamo wanatupia viti vilivyovunjika. Aliandika barua, wakaigonga muhuri kwamba imepokelewa. Miezi kumi na nne ikapita. Hakuna aliyemwambia hapana, hakuna aliyemwambia ndiyo, kila akiuliza ni "tunangojea Kinshasa". Na shefu wake, ambaye kusema kweli si mtu mbaya, akamwita pembeni: "Mama, bakia tu ku nyumba, mushahara itaendelea kuingia."

Sasa mtaani watu wamegawanyika. Wengine wanasema leta haina roho. Wengine, na hawa ndio wengi, wanasema huyu mama anataka nini tena, analipwa bila kufanya kazi, kuko vijana wana diplome miaka na miaka hawajapata hata kazi ya kufagia, na yeye analalamikia ngazi. Haya maneno ya pili njo yamenifanya niandike, juu nayasikia hata kwa watu wenye akili zao, na mimi naona wamelishika jambo miguu juu kichwa chini.

Tuanzie kwenye primi, zile pesa za kuongezewa juu ya mshahara, maana hapo ndipo penye utamu wote na uchungu wote. Ajenti yeyote wa leta anajua mshahara ni kitu kimoja na primi ni kitu kingine. Mshahara unatoka Kinshasa unapitia benki, hata ukiwa kitandani unaweza kuingia. Primi, katika servisi nyingi, inaangalia biro uliyomo na kama unaonekana, na listi yake inatengenezwa na watu waliopo. Mtu akikaa nyumbani mwezi wa kwanza wanamvumilia, wa pili wanaulizana "huyu angali wetu?", wa tatu jina linarukwa, wala si kwa ubaya, ni vile tu aliyeandika listi hakumuona. Na kwa nyumba nyingi hapa mshahara wenyewe ni wa unga na makala (mkaa wa kupikia), primi njo inalipa minervali (karo ya shule) ya watoto na lwaji ya nyumba. Kwa hiyo huyu mama hajafukuzwa, hajakatwa hata franka moja kwenye mshahara, na bado amepoteza kile kilichokuwa kinamsimamisha. Tena hakuna karatasi inayosema amepoteza! Hakuna barua ya kumfukuza ambayo angeibeba kwa avoka (wakili) na kusema ona walichonifanyia. Ukimwambia ajenti "bakia nyumbani" umemtoa kwenye primi, kwenye alama ambazo shefu anatia kila mwaka, kwenye kupanda gradi, kwenye misheni, hata kwenye ile habari inayosemwa koridoni kabla haijabandikwa ukutani. Lakini aliyesema "bakia nyumbani" anarudi kwake jioni akijua ametenda wema.

Mwenyewe aliniambia kwa maneno machache: "Mi sikuomba kupumuzika, niliomba meza ishuke."

Kuko hoja nyingine ninayoisikia sana, kwamba hakuumia kazini. Alikuwa anatoka kusali, leta inaingilia wapi? Hii inachanganya vitu viwili ambavyo sheria inavitenga. Kuna fidia, na hiyo ndiyo inauliza uliumia wapi, saa ngapi, nani alikuwa na kosa. Halafu kuna kurekebisha kazi ili mtu aifanye na mwili alionao leo, na hiyo haiulizi mguu ulikatikia wapi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa 2006, kwenye kifungu cha 27 unataja waziwazi hata wale waliopata ulemavu wakiwa tayari kazini, bila kuuliza kama ilikuwa machine ya biro ama pikipiki ya njiani. Kifungu cha 2 kinasema kumnyima mtu marekebisho yenye kufaa ni ubaguzi, ila kinaweka mpaka: marekebisho yasiwe mzigo uliopita kiasi kwa mwenye kutoa kazi. Kongo iliingia kwenye huo mkataba 2015, na Katiba yetu kifungu cha 215 inaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida. Juu yake tena kuna kifungu cha 49 cha hiyo hiyo Katiba, na ile sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za PVH (watu wanaoishi na ulemavu), ambayo watu waliipigania miaka mingi mpaka ikatoka. Karatasi tunazo, tena nzuri. Meza kushuka etaji mbili ni mzigo uliopita kiasi kwa Jamhuri nzima? Ebu.

Lakini nisimwonee shefu, juu nimekaa naye pia na ana yake ya kusema.

Kwanza hana makuta. Pesa za kuendeshea biro zinakuja siku zikipenda, kalamu na karatasi wakati mwingine ananunua mfukoni mwake, sasa umwambie atengeneze mlango, aondoe viti, avute umeme kwenye kachumba, atavitoa wapi? Nafasi za kazi nazo hazipangi yeye, zinapangwa juu, na yeye anaogopa kuhamisha meza bila karatasi halafu inspekta akija aulizwe huyu ajenti ameshushwa na nani. Pili, kuko kijana wa etaji ya pili. Mama akishuka, dosye zitabaki juu, na nani atapanda na kushuka nazo mara ishirini kwa siku? Ni yule kijana, bila hata franka ya kuongezwa, na hasira yake ni ya kweli, si wivu. Tatu, na hii alisema kwa sauti ya chini: "Nikimupa yeye, kesho bengine nabo batakuya na magongo." Tunacheka, lakini sisi wote tunajua karatasi ya munganga (daktari) inaweza kununuliwa, na shefu aliyedanganywa mara mbili mara tatu anaanza kumuona kila mgonjwa ni mwongo.

Hiyo ya kijana wa juu hata Marekani iliwasumbua. Kulikuwa na kesi ya mpakia mizigo wa ndege, Robert Barnett, aliyeumia mgongo, kampuni ikamweka kwenye chumba cha barua, kisha wenzake waliotangulia kazini wakawa na haki ya kuichukua ile nafasi. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya huko ikasema kwa kawaida utaratibu wa waliotangulia ndio unashinda, labda mtu aonyeshe sababu ya pekee. Ilikuwa kampuni ya watu binafsi si leta, lakini funzo lake ni kwamba wenzako wa kazi nao ni watu, na marekebisho yanayomwangushia mwingine mzigo bila kumuuliza yanaleta vita ndani ya biro.

Sasa pima na hii nyingine. Le Roy Torres alikuwa polisi wa barabarani wa jimbo la Texas na pia mwanajeshi wa akiba. 2007 akapelekwa Iraki, kule wanajeshi walikuwa wanachoma takataka kwenye mashimo makubwa, na moshi ule ukamharibu mapafu. Akarudi, akaona hawezi tena kazi yake ya zamani, akaomba apewe nyingine hapo hapo kwa mwajiri wake. Hawakumpa aliyoitaka, wakamwambia arudi kwa muda kwenye ile ile ya polisi, naye 2012 akaacha. Alipokwenda mahakamani jimbo halikujibu kwanza kwamba kazi haikuwepo, lilijibu kwamba leta haishitakiwi bila yenyewe kukubali. Kule hiyo hoja ina mizizi: 2001, kwenye kesi ya muuguzi Patricia Garrett dhidi ya chuo kikuu cha Alabama, ilishakatwa kwamba mfanyakazi wa jimbo hawezi kudai fidia ya pesa mbele ya mahakama ya shirikisho kwa ile sheria yao ya walemavu ya 1990. Torres akapita mlango mwingine, sheria ya wanajeshi wanaorudi kazini, na tarehe 29 Juni 2022 akashinda Mahakama Kuu kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka uliofuata jury ya Texas, yaani raia wanaokaa mahakamani kuamua kesi, ikampa kama dola milioni 2.5.

Nairudia hii hesabu kila nikikutana na mtu anayesema kurekebisha kazi ni gharama. Mtu aliomba kazi nyingine ndani ya idara yenye maelfu ya wafanyakazi, wakapigana naye zaidi ya miaka kumi kuanzia alipotoka, wakalipa maavoka ngazi zote, mwisho wakaambiwa walipe milioni mbili na nusu. Hebu weka upande mmoja bei ya meza, kiti, na kompyuta moja. Na sisi huku usidhani hatulipi kwa vile hakuna jury ya kututia hasara, tunalipa polepole, kila mwezi, mshahara wa mtu aliyekatazwa kufanya kazi anayoijua, na kijana anayefanya yake na ya mwingine, na raia anayengoja dosye chini ya mwembe mpaka saa nane.

Njia ya kudai nayo imepinda. Fundi wa reli wa SNCC akigombana na kampuni yake anashikwa na Kodi ya kazi ya 2002 (yaani sheria ya kazi, si kodi ya kulipa), anaenda kwa inspekta wa kazi wapatanishwe, ikishindikana tribunali ya kazi inamsikiliza. Ajenti wa leta mwenye gradi hayumo kwenye hiyo Kodi, ana sheria yake ya 15 Julai 2016, na kabla ya kufika kwa jaji wa mambo ya utawala anatakiwa kwanza aandike malalamiko kwa wakubwa wale wale waliokaa kimya. Kwa hiyo mama wa Kenya ataandika barua ya pili kulalamika juu ya barua ya kwanza, na zote mbili zitalala kwenye ile dolabi moja, kwenye etaji ambayo yeye mwenyewe anashindwa kupanda. Mtu asiye na ndugu avoka anachoka.

Kwa upande wa pesa, shefu ana haki kulia, ila dawa iko. Ufaransa ina sheria inayotaka 6% ya wafanyakazi wawe wenye ulemavu tangu 1987, na sheria ya tarehe 11 Februari 2005 ikaunda mfuko wa wenye kutoa kazi wa upande wa leta: asiyefikisha ile 6% anachangia, na anayenunua kiti maalum ama kutengeneza mlango anaomba humo. Yaani shefu hatoi mfukoni. Toka 2018 ajenti wa leta ambaye mwili hauwezi tena kazi yake anaweza kupewa mpaka mwaka mzima wa kujifunza kazi nyingine huku analipwa. Sisemi tuige kesho asubuhi, mfuko Kongo tunajua unavyoweza kutoboka chini. Ninachosema ni kwamba ugomvi wa shefu na mama mara nyingi ni ugomvi wa watu wawili waliofungiwa chumba kimoja na mwenye ufunguo hayupo, na mimi bado nasimama na mama, juu shefu akikosea anapoteza jioni moja ya usingizi na mama anapoteza kazi bila kufukuzwa.

Kwenye uwongo wa karatasi za munganga, jibu liko mbele ya macho: mwongo anaomba kukaa nyumbani. Anayeomba meza ishuke ili aje kila siku saa moja na nusu, huyo unamshuku nini?

Mwezi uliopita meza ilishuka. Vijana wawili, dakika kumi, mmoja akiimba. Kinshasa haikujibu, shefu alichoka tu kumuona pale kwenye ngazi kila akija kuuliza. Lakini wameandika karatasi ya kusaini, nimeisoma, inasema ajenti ameshushwa chini "kwa huruma ya mukubwa wa servisi na kwa muda". Mama amekataa kusaini mpaka wafute neno huruma na waweke kifungu cha sheria, na primi ya ile miezi kumi na nne iandikwe. Shefu amekasirika, anaona ametukanwa. Karatasi iko juu ya meza, imekaliwa na kikombe cha chai, na mama anaendelea kuhudumia watu.